Namba Tatu za Mwalimu Chilewa

Kisome kisa hiki taratibu, kisha mtumie mwalimu mmoja unayemheshimu.

Mwalimu Chilewa alitumia miaka tisa kuandika kitabu cha kemia. Mchapishaji alikipenda, ila alitaka kurasa zipangwe vizuri kufikia Ijumaa. Vinginevyo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Pale shuleni aliyejua kupanga vitabu kwenye kompyuta alikuwa mmoja tu, Madam Nsia wa baiolojia. Chilewa hakumwamini. Mtu anayekusaidia bure, aliwaza, anatafuta nini? Huenda siku moja kitabu kingetoka na jina la Nsia.

Basi akatega mtego. Kwenye faili lake, nakala pekee aliyokuwa nayo, akageuza namba tatu ndani ya majedwali. Nsia akiiba, makosa hayo yatakuwa ushahidi kwamba kazi ni ya Chilewa. Hakuyaandika popote, hata karatasi aliiogopa.

Nsia alipokea faili Jumatatu. "Mzee wa tindikali, majedwali yako yamekatika kati kama mkate," alisema. "Na michoro haina namba. Mwanafunzi ataitafuta wapi?"

"Wewe panga tu, Madam. Maneno yangu usiyaguse."

Siku mbili zilizofuata, kila Chilewa alipoingia ofisi ya walimu, Nsia alifunga kompyuta. Jumatano alimsikia akinong'ona kwenye simu: "Hapana, jina la mwandishi sikutajii." Chilewa alitoka bila kuaga.

Alhamisi mchana Nsia alimrudishia faili. Kila jedwali limekaa kwenye ukurasa wake, kila mchoro una namba. Kisha akamvuta pembeni, akampa kikaratasi kilichokunjwa.

"Namba mbili zimekosewa. Nilimpigia kaka yangu anayefanya kazi maabara anihakikishie, bila kukutaja. Hapa ofisini watu wana midomo, wasije wakakucheka. Mbili tu kitabu kizima, Mwalimu. Hongera."

Chilewa alikisoma kikaratasi mara mbili. Akajaribu kuikumbuka ya tatu. Haikuja.

"Madam," alisema, "ipo ya tatu."

"Umejuaje?"

"Niliziweka mwenyewe. Nilidhani utaniibia."

Nsia akavuta kiti, akafungua kompyuta.

"Majedwali ni sitini na mawili," alisema. "Wewe soma, mimi nikague. Ungeniuliza tu, saa hizi tungekuwa tunakunywa chai."

Funzo: Ukimshuku mwenzako, muulize. Ukiugeuza wasiwasi wako kuwa mtego ndani ya kazi yako, atakayehangaika kuutegua ni wewe, na huenda ukamhitaji huyohuyo uliyemtegea.