Utepe wa Mwanaheri

Sogeeni, na aliye karibu na mlango aufunge.

Mwanaheri alitaka utepe wa nywele wa harusi yake. Akachukua kipande kilichobaki ilipokatwa sanda ya marehemu bibi yake, akakikunja, akaanza kushona. Sauti ikatoka chini ya mkeka:

“Mjukuu wangu, nirudishie nguo yangu.”

“Ngoja nimalize pindo, bibi.”

Ikaita tena.

“Ngoja nigeuze.”

Ikaita mara ya tatu.

“Ngoja nivae kwanza!” Jeuri iliyoje! Akajifunga utepe kichwani, akakaza fundo. Sauti ikanyamaza.

Harusi ilipokwisha, kungwi wake akajaribu kulifungua lile fundo. Likakataa vidole, likakataa meno, likakataa mkasi. Kungwi akaanza kulia.

“Mwanangu, fundo la sanda hufunguliwa kaburini.”

Na huko ndiko lilikofunguliwa.