Siku Wakesho Alipovuka Nyika

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu waliolala. Sogeeni motoni, halafu mniitikie vizuri. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Na nyinyi wanaume mliojificha huko nyuma, tegeni masikio, maana leo mmo ndani ya hadithi hii.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu walikuwa bado wanasemezana, palikuwa na vilima viwili vilivyotazamana. Katikati yake ilikuwa nyika: miiba, vumbi, na mto uliokuwa mkavu karibu mwaka mzima. Mtu akiondoka kilima hiki alfajiri, jua likianza kushuka yuko kilima kile. Ndio umbali wenyewe, siongezi wala sipunguzi.

Kwenye kilima cha mashariki aliolewa msichana aitwaye Wakesho. Mumewe aliitwa Mwakio. Mama yake Wakesho alibaki kilima cha magharibi peke yake, kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine. Siku ya kuagana mama alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, uje unione." Wakesho akajibu, "Nitakuja, mama." Na alisema kutoka moyoni.

Lakini huko alikoolewa palikuwa na neno moja katika kila kinywa: nyika haipitwi na mwanamke peke yake. Mawifi walilisema, wakwe walilisema, hata watoto walilisema. Ukiuliza kwa nini, wanaangaliana.

"Kuna kitu."

Kitu gani?

"Kitu tu."

Basi Wakesho, alipokwisha kujifungua mtoto wake wa kwanza, Mghoi, akamwendea mumewe. "Baba Mghoi, nipeleke nikamwone mama." Mwakio akasema, "Tutakwenda, ngoja tuvune." Wakesho akangoja.

Akamwendea shemeji yake. "Shemeji, nipeleke nikamwone mama." Shemeji akasema, "Tutakwenda, ngoja mvua ikatike." Wakesho akangoja.

Akamwendea baba mkwe. "Baba, nipeleke nikamwone mama." Mzee akasema, "Tutakwenda, ngoja goti langu lipone." Wakesho akangoja, na goti la mzee mnalijua.

Mwakio hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, tungemtukana hapa tukalale. Alikuwa mpole, anampenda mkewe, na kila mara aliposema tutakwenda alikusudia kwenda. Watoto wakazaliwa, wakakua, na bibi yao hajamwona hata mmoja.

Naona wewe binti hapo unataka kuuliza: na huyo mama, kwa nini asije mwenyewe? Desturi ya huko, mama mkwe hakanyagi boma la mkwewe mpaka mkwe ampelekee mbuzi wa kumwita. Mbuzi alikuwepo. Mwakio alikuwa anangoja anenepe.

Siku moja akapita mrina asali anayetoka magharibi. Akamwambia Wakesho, "Dada, mama yako siku hizi haonekani kisimani. Majirani ndio wanamtekea maji."

Kulipokucha, Wakesho akajaza kibuyu maji, akafunga viazi kwenye majani ya mgomba, akawaacha watoto kwa wifi yake.

"Unakwenda na nani?" wifi akauliza.

"Nakwenda."

"Nimekuuliza na nani?"

"Na miguu yangu, wifi."

Msidhani alikunywa dawa ya ujasiri. Kila kichaka alikiona kina macho. Akawa anajisemea kwa sauti, "Mimi Wakesho, nakwenda kwa mama. Mguu huu, na huu tena."

Hata jasho halijamtoka vizuri, chini tu ya kilima chao, akasikia, "Simama hapo!" Juu ya jiwe alikuwa amekaa nyani dume, mkubwa.

Wakesho akasema, "Mimi Wakesho, nakwenda kwa mama. Mguu huu, na huu tena."

Nyani akashuka. "Wakesho? Wewe ndiye Wakesho?"

"Jina langu umelijuaje?"

"Kuna mama mmoja alikuwa akija hapa kila baada ya mavuno. Peke yake. Anakaa kwenye jiwe hili, anautazama moshi wa jikoni kwako. Ananiambia, 'Ule pale ni wa Wakesho wangu.' Akishatosheka anarudi."

"Mbona hakupanda?"

"Alisema hajaitwa."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi hafiki. Miguu ilimchoka. Muulize fisi, huko mtoni."

Wakesho akalitazama lile jiwe, akautazama mlango wake kule juu. Angeita tu toka pale mlangoni, mama angeitika. Alilia pale mpaka nyani akaona haya akageuka pembeni. Kisha akajifuta uso akaendelea.

Kufika kwenye ule mto mkavu, akasikia kicheko. Jamani, kicheko cha fisi! Nywele zikamsimama. Akageuka, akapiga hatua za kurudi nyumbani. Kisha akasimama. Akawaza: mama amepita hapa. Akageuka tena, akapaza sauti, "Mimi Wakesho, nakwenda kwa mama! Mguu huu, na huu tena!"

"Polepole basi, unanitisha," fisi akasema, akatoka kichakani mkia katikati ya miguu. "Kumbe ndiye wewe. Mama yako aliposhindwa kufika kwenye jiwe alikuwa akiishia hapa. Alichimba mchanga, yakatoka maji, akanywa na mimi nikanywa."

"Hukumla?"

"Nimle mtu aliyenichimbia maji? Nyinyi mnanionaje? Nilimuuliza tu, 'Mama, huku moshi hauonekani, sasa unatazama nini?' Akasema, 'Natazama upande aliko.'"

"Na siku hizi?"

"Hafiki. Waulize kanga, wale ndege wenye madoa, chini ya kilima chake."

Wakesho hakulia safari hii. Alitembea haraka, na woga wa wanyama ulikuwa umekwisha wote. Uliobaki ni woga mwingine, mbaya kuliko ule.

Chini ya kilima cha magharibi akawakuta kanga wanaparura. Hakungoja kuulizwa. "Mimi Wakesho, nakwenda kwa mama. Mguu huu, na huu tena. Nimechelewa?"

Kanga mmoja akainua shingo. "Alikuwa akishuka hapa na mkongojo wake. Anatuuliza, 'Hamjamwona Wakesho?' Tunamwambia bado. Kisha akaacha kushuka."

"Tangu lini?"

"Hivi vifaranga vyangu unavyoviona vilikuwa bado mayai."

Ndugu zangu, Wakesho alipanda kile kilima mbio, viazi vikadondoka njiani, hakuviokota. Akamkuta mama. Yu hai! Amekaa mlangoni juani, mdogo, amejifunga shuka. Wakesho akaanguka magotini pake.

"Mama! Mama yangu!"

Mama akampapasa kichwa. "Karibu, mgeni. Macho yangu yamekwenda, na kichwa nacho kinanitoroka. Nani wewe?"

"Ni mimi, Wakesho."

Mama akacheka kwa adabu. "Hapana, mama. Wakesho wangu ni msichana mdogo, sauti yake naijua. Umetoka wapi?"

"Kilima cha mashariki."

"Umevuka nyika na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako! Hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Niliogopa miaka yote hiyo."

Mama akaukamata mkono wake kwa mikono yote miwili. "Wakesho naye yuko huko. Anaogopa tu, si kwamba hanipendi. Ukirudi, nifanyie hisani. Mwambie njia inapitika. Mwambie wewe umepita, ukafika salama. Na umwambie aje upesi, kabla sijamsahau. Utamwambia?"

"Nitamwambia, mama."

Wakesho akaingia jikoni, akawasha moto, akapika. Mama akala, akamshukuru sana, kama mnavyomshukuru mgeni.

Hadithi yangu inakomea hapo, nami nanyamaza nayo. Asiniulize mtu kama baadaye mama alimkumbuka. Hakumkumbuka.