Kipindi cha Kindi na Nyayo za Jongoo

Hapo zamani za kale, wanangu, siku zile ambazo kuku bado alikuwa anabisha hodi kabla ya kuingia jikoni, wanyama wa Bonde la Mkuyuni walikuwa na runinga. Msicheke! Ilikuwa moja tu, kubwa kama mlango wa ghala, nayo ilisimama kwenye uwanja wa mchanga mbele ya nyumba ya Tembo, mwenye kituo.

Kila jioni wanyama waliosha vyombo, wakafunga milango, wakaenda uwanjani. Kwanza Kasuku alisoma habari, kila habari mara mbili. Kisha ikaja tamthilia ya *Mke Mwenza wa Mamba*, kina mama wakalia mpaka khanga zikalowa. Mwisho kabisa ikaja mieleka ya *Pembe kwa Pembe*, kipindi cha Bwana Kifaru. Hapo ndipo vumbi lilipotimka! Nyati na nyumbu walirukaruka, wakautwanga mchanga kwa miguu yote: puu! puu! puu!

Katikati ya tamthilia na mieleka palikuwa na kipindi kidogo cha nusu saa. Hicho kilikuwa cha Kindi. Yeye alitangaza, na Bibi Kobe akatega vitendawili.

Kindi hakuwa na pembe wala sauti nene, lakini alikuwa na desturi yake. Kabla ya vitendawili alitaja majina. "Leo mtoto wa Panya wa kichuguu cha tatu ameota meno. Hongera, Mama Panya! Chura wa bwawani amepona kikohozi. Pole na hongera!" Ilikuwa ndiyo nusu saa pekee ambayo wadogo wa bonde lile walisikia majina yao yakitajwa hadharani, nao walikuwa wakiingoja tangu asubuhi.

Ila hawakuketi uwanjani. Nani akae mchangani, halafu Nyati aje na kwato zake? Waliangalia wakiwa matawini, mashimoni na kwenye nyufa za mawe.

Sasa, wanangu, palikuwa na hesabu. Babu yake Tembo aliacha wosia: "Mchanga hausemi uongo." Kwa hiyo kila kipindi kilipokwisha, watazamaji walisogea pembeni, na Fisi akahesabu nyayo zilizobaki. Unyayo mmoja, mtazamaji mmoja. Akimaliza, aliufagia uwanja kwa ajili ya kipindi kinachofuata. Kugawanya kwa miguu minne? Fisi hakupenda kugawanya kitu chochote, sembuse hesabu.

Masika yalipokaribia kwisha, Tembo aliwaita wenye vipindi wote.

"Soma," akamwambia Fisi.

Fisi akakohoa. "*Pembe kwa Pembe*, nyayo elfu moja na mia mbili. *Mke Mwenza wa Mamba*, mia saba. Habari, mia nne. Kipindi cha Kindi, tisa."

"Tisa?" Kindi aliruka. "Tisa tu?"

"Nane ni za Bibi Kobe, alikatisha pembeni akienda studioni. Moja sijui ya nani."

Tembo akashusha pumzi. Hakuwa na roho mbaya, lakini wosia wa babu ulikuwa umemkaa kichwani. "Kindi mwanangu, unaijua kawaida yetu. Keshokutwa ni hesabu ya kufunga msimu. Kipindi kitakachoshika mkia kitaondolewa, na nusu saa yake atapewa Kifaru."

"Nusu saa hiyo imechelewa kunifikia!" akanguruma Kifaru. "Vitendawili! Nani anaangalia vitendawili? Mimi sijawahi kuangalia hata siku moja. Hata nusu ya siku!"

Kindi alirudi kwenye tundu lake akalia. Hakulilia kazi, maana karanga hazikosekani kwa mwenye mbio. Alimlilia Mama Panya, na Chura, na wote ambao wangekaa matawini jioni nzima wasisikie hata jina moja la kwao. Akachukua orodha ya majina ya siku zilizobaki, huenda ikawa ya mwisho, akaanza kuisoma huku akipangusa pua.

"Mjusi ameota mkia mpya. Mbayuwayu wamemaliza nyumba. Mjukuu wa Mzee Jongoo ameota mguu wa mia..."

Akasoma tena.

"Mguu wa mia," akasema polepole. "Eeeh! Mguu wa mia!" Machozi yakakauka hapo hapo.

Alipofika kwa Jongoo jua lilikuwa bado halijazama. "Hodi! Shikamoo, Mzee Jongoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Ngoja nivue viatu nikae nikusikilize."

"Usivue, mzee wangu, nakuomba! Ukianza kuvua, msimu utakwisha." Kindi akamweleza mambo yote, kuanzia nyayo tisa mpaka nusu saa ya Kifaru.

Mzee Jongoo akajikunja, akajikunjua. "Kwa hiyo sitasikia mjukuu wangu akitajwa?"

"Utasikia ukija uwanjani keshokutwa. Uje na bibi, na wanao, na wajukuu wote."

"Uwanjani? Tukanyagwe?"

"Wakati wa kipindi changu nyati na nyumbu huenda kisimani kunywa maji. Hawarudi mpaka mieleka. Nyinyi mtembeetembee mkiangalia, kisha msogee pembeni."

Mzee alifikiri. "Haya," akasema. "Wacha nianze safari leo leo."

Siku ya hesabu ikawadia. Kasuku akasoma habari mara mbili. Mamba akagombana na wake zake wote wawili. Fisi akafagia, fya! fya! fya! Kisha Kindi akatokea kwenye runinga, akavuta pumzi, akaanza na jina la mjukuu wa Jongoo.

Nao wakaingia uwanjani, ukoo mzima. Tikitikitikitiki! Babu mbele, bibi nyuma, wajukuu ubavuni. Walikwenda kulia, wakarudi kushoto, macho yote kwenye runinga. Kipindi kilipokwisha wakasogea pembeni kama wastaarabu wengine.

Fisi akainama. "Moja, mbili, tatu..."

Alipofika mia, alipangusa jasho. Alipofika elfu, aliketi. Alipofika elfu mbili ulimi ulikuwa unaning'inia, na nyati walikwisha kurudi kutoka kisimani wanauliza kulikoni. Hata Kindi na Bibi Kobe walitoka studioni kuja kusikiliza.

"Mbona hatuanzi?" akafoka Kifaru, mkanda wa ubingwa kiunoni.

"Elfu tatu na mia nane," Fisi akanong'ona. "Na bado sijafika kwenye kona ya wajukuu."

Kifaru akasogeza pua kwenye mchanga. "Hila! Hizi ni nyayo za Jongoo! Jongoo mmoja ni mtazamaji mmoja, hata awe na miguu elfu!"

Kindi akapanda tawi la karibu. "Rudia, Bwana Kifaru. Wa kule nyuma hawakusikia."

"MMOJA NI MMOJA, HATA AWE NA MIGUU ELFU!"

"Ahsante sana. Na Kifaru mmoja ni watazamaji wangapi?"

Kifaru akaitazama miguu yake ya mbele. Akageuka akaitazama ya nyuma.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu..." sauti ikasema kutoka nyuma.

"Msinitaje mimi!" akafoka Nguruwe. "Mimi nimekaa zangu!"

Wanyama wakacheka, lakini Tembo hakucheka. Alijikuna sikio kwa mkonga wake. "Kwa hiyo miaka yote hii tumehesabu kishindo," akasema. "Sasa tuhesabu nini, Kindi?"

Kindi akasogea mpaka ncha ya tawi. "Usihesabu mchanga, baba. Waite watazamaji. Anayeangalia kipindi changu ataitika mwenyewe."

Tembo akamtazama Bibi Kobe. Bibi Kobe akatoa shingo yote nje, jambo ambalo si la kila siku, akapaza sauti:

"Kitendawili!"

"TEGAAA!"

Ilitoka matawini. Ilitoka mashimoni, kwenye nyufa, bwawani, chini ya majani makavu. Matunda yakapukutika mkuyuni, pu! pu! pu! Tembo alirudi nyuma hatua mbili. Aliishi bonde lile maisha yake yote, na hakuwahi kujua kwamba wako wengi hivyo.

Bibi Kobe akaendelea: "Hukanyagwa halii..."

"Akifagiwa husahau!" ikadakia sauti nene. "Ni mchanga! Mchanga! Mlikitega Jumanne!"

Kila shingo iligeuka. Aliyesema alikuwa Kifaru.

"Nilikuwa... nilikuwa napita tu," akasema Kifaru.

"Baba watoto," mkewe akamwambia kwa upole, "sisi hupita kila Jumanne na Alhamisi, nyuma ya matete. Tunapita na mkeka, na bakuli la mihogo."

Hapo Tembo alicheka, na Tembo akicheka hata kisima hutikisika. Kipindi cha Kindi kikabaki na nusu saa yake. Fisi akapewa kazi ya kuzunguka miti na mashimo akihesabu vichwa, kimoja kimoja, na wadogo wakatengewa safu ya mbele uwanjani, mwiko kukanyagwa.

Jioni iliyofuata Kindi alitaja majina kama kawaida. Mjusi na mkia wake. Mbayuwayu na nyumba yao. "Na Bwana Kifaru wa nyuma ya matete ametegua kitendawili kabla hakijakwisha kutegwa. Hongera, bwana!"

Kifaru aliinamisha kichwa chake kikubwa. Alikuwa ameshangiliwa na maelfu, lakini hakuwahi kutajwa na Kindi. Wanasema alitabasamu mpaka mieleka ikachelewa kuanza.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami nimeivua viatu, viwili tu. Funzo lake, wanangu, ni hili: kishindo si wingi, ukitaka kuwajua watu, hesabu vichwa vyao, usihesabu miguu.