Karamu ya Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vizuri. Hata wewe unayetafuna huko nyuma nimekusikia. Meza kwanza. Hadithi hii ni ya chakula kilichopotea, na mtu mwenye mdomo uliojaa hawezi kuonja uchungu wake.

Hapo zamani, zamani za kale hasa, wanyama walipokuwa bado wanatembeleana bila kuulizana umekuja na nini, aliishi Kindi mmoja jina lake Kidawa. Kindi mnamjua. Mkia mwingi, mwili kidogo. Ruu, juu ya mti. Ruu, chini ya mti. Kidawa alikuwa na haraka kuliko kindi wote. Akipika, anapika huku anafagia. Akifagia, anafagia huku anagombeza watoto. Alikaa katika tundu la mkwaju pamoja na wanawe, na kaka yake Ngwali, na mama yake mzazi, Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa mzee. Mzee kweli. Mkia wake ulikuwa umepukutika, umebaki kama ufagio wa mwaka juzi. Na yale mashavu yaliyompa jina, ambayo zamani yalibeba korosho kutwa nzima, sasa yalining'inia matupu. Tena alikuwa anasahau. Mjukuu anamwita kwa jina la mjomba wake. Anauliza kama watu wamekula, na yeye mwenyewe bado analamba vidole. Lakini jambo moja hakulisahau. Kila asubuhi alikaa mlangoni mwa tundu, akatazama ng'ambo ya kijito, akaimba kwa sauti nyembamba:

Nimeweka, nimeweka,
vitu vyangu nimeweka,
ng'ambo kule nimeweka.

Mwanzoni Kidawa alikuwa anamuuliza ameweka nini. Bi Mashavu anasema vitu vyake. Ameviweka wapi hasa? Hapo ndipo Bi Mashavu anaposhika kichwa, anatafuta, hapati. Na huko ng'ambo kulikwisha kuungua. Mwaka ule wa moto mkubwa kindi wote walikimbia, wakahamia upande huu, na hakuna aliyerudi kutazama majivu. Kila mtu alijua kwamba ng'ambo hakuna kitu, na mtu akishajua haendi kuangalia. Basi Kidawa akachoka kuuliza. Mama akianza kuimba, yeye anasema ndiyo mama, ndiyo mama, na ufagio unaendelea. Siku nyingine, nasema kweli ingawa haipendezi, alikuwa anamcheka.

Sasa sikilizeni. Siku moja watoto wa Kidawa walirudi nyumbani wameloa chepechepe. Walitoka kwa Bi Kanga. Huko kifaranga mmoja alikuwa anasherehekewa siku yake ya kuanguliwa, na desturi ya kwa Bi Kanga ni kwamba mwenye siku yake anamwagiwa maji, na walio karibu naye wanaloa bure. Watoto wakaenda moja kwa moja mlangoni kwa bibi yao. Wakamuuliza yeye alizaliwa lini.

Bi Mashavu akafikiri. Akasema mama yake alimwambia ilikuwa siku ya mvua ya kwanza baada ya jua kali, mabibo yanaanza kuiva. Watoto wakamuuliza alisherehekewa vipi. Bi Mashavu akacheka. Akasema hakuna aliyemsherehekea, na hata yeye hakukumbuka, maana mvua ya kwanza ikinyesha mtu ana kazi, anaweka akiba ya watoto.

Ndani ya tundu ufagio ukasimama. Kidawa alikuwa amesikia. Ilimchoma. Akamtazama mama yake mgongoni, akaona mifupa, akaona mkia ule, akajua kwamba mvua za kwanza zilizombakia mama si nyingi. Siku ile ile akatangaza. Mvua ya kwanza ikinyesha, kutakuwa na karamu. Mama atakaa mbele, atakula, atashiba, na watu watamwona. Hilo tu ndilo Kidawa alilolitaka duniani, na alilitaka kwa haraka, kama alivyotaka mambo yote.

Wakaalikwa majirani. Akaalikwa Bi Kanga na vifaranga vyake. Akaalikwa Bwana Ngiri na mkewe. Akaalikwa Mzee Kobe, na yeye alialikwa kabla ya wote kwa sababu mnazozijua. Tumbili hakualikwa. Tumbili akisikia harufu ya karamu, anaifikia kabla ya wenyewe.

Kwa sababu ya Tumbili, chakula ilibidi kifichwe. Na kindi wana desturi yao ya kuficha. Hawaweki ghalani. Wanafukia ardhini, na kila mmoja anafukia chake, na hamwambii mwenziwe alipofukia, hata wakiwa wamelala tundu moja. Kindi akimwonyesha mtu shimo lake, kindi wenzake wanaona kama amevua nguo. Basi Kidawa akachukua karanga. Fuku fuku fuku, akafukia. Ngwali akachukua korosho. Fuku fuku fuku, akafukia. Watoto wakachukua kungu. Fuku fuku fuku, wakafukia, wakachezea udongo, wakarudi na matope hadi masikioni.

Bi Mashavu akainuka pale mlangoni. Akanyoosha mikono. Akasema, "Nipe na mimi kidogo, nikuwekee."

Kidawa alikuwa na mambo mengi siku ile. Hakugeuka hata kumtazama. "Mama, wewe kaa tu. Ukiweka wewe, tutakipata lini?"

Watoto wakacheka. Ngwali naye akacheka. Bi Mashavu akarudisha mikono yake, akaishika mmoja kwa mwingine, akakaa. Kesho yake asubuhi hakuimba. Kidawa aliusikia ule ukimya, ukamsumbua kidogo, lakini alikuwa na haraka.

Mvua ikaja. Waa, waa, waa. Ilinyesha mvua ya kwanza, mvua nzito, maji yakapita kila mahali yakiburuta majani na vijiti. Asubuhi jua likatoka, ardhi yote ikawa imeoshwa, sawasawa, haina harufu, haina alama. Kidawa akaamka anaimba. Leo ndiyo leo. Akasema kila mtu akafukue chake.

Kidawa alikwenda moja kwa moja. Yeye alikuwa ameweka alama ya uhakika. Karanga zake alizifukia karibu na kichuguu, kando ya jiwe kubwa la mviringo, jiwe zuri, lenye michoro mgongoni. Akafika. Jiwe halipo. Akazunguka. Jiwe halipo. Akasimama, akajiuliza ni mvua gani hii inayobeba jiwe zima.

Ngwali alifukia korosho zake kando ya uyoga mweupe. Baada ya mvua ile, uyoga mweupe ulikuwa umeota bonde zima. Fuku fuku fuku, hakuna. Fuku fuku fuku, hakuna. Watoto nao walipoulizwa, kila mmoja alimnyooshea mwenziwe kidole. Wakachimba wote. Wakachimba mbele ya mkwaju, wakachimba nyuma ya mkwaju, uwanja wote ukawa mashimo. Hakuna karanga. Hakuna korosho. Hakuna kungu hata moja.

Na wageni wakaanza kuja. Bi Kanga huyo, na vifaranga nyuma, na maneno mbele. Bwana Ngiri huyo na mkewe, mikia juu, wamebeba ngoma. Bwana Ngiri akatumbukia shimo la kwanza. Akatoka, akatumbukia la pili. Akasema kwa adabu kwamba uwanja ni mzuri. Bi Kanga akaanza kunusa hewa, akasema hasikii harufu ya chakula, labda ana mafua.

Wa mwisho akaja Mzee Kobe, polepole, kwata, kwata. Kidawa akamtazama. Akamtazama mgongoni. Mviringo. Michoro. Akamuuliza kama siku chache zilizopita alikuwa amelala karibu na kichuguu. Mzee Kobe akasema ndiyo, alikuwa njiani anakuja hapa hapa, akapumzika. Akasema mtu mmoja mwema alikuja akamfukia karanga ubavuni.

"Nilidhani ndiyo mwaliko wenyewe," akasema Mzee Kobe. "Nikala. Zilikuwa tamu, mwanangu, asante."

Msicheke sana. Kidawa hakucheka. Aliingia nyuma ya mkwaju, akajifunika mkia wake usoni, akalia. Alilia kwa aibu ya wageni, na alilia zaidi kwa sababu mama yake alikuwa amekaa pale mbele, amechanwa manyoya, amevishwa shada la maua, anangoja, na hakuna cha kumpa.

Mara akasikia mtu anakuja, polepole, anajikokota. Ni Bi Mashavu, shada limemwangukia sikio moja.

"Unalilia nini, mwanangu?"

"Nimesahau, mama. Nimeweka, nikasahau."

Bi Mashavu hakucheka. Hakusema umeona, wala hakusema nilikwambia. Alikaa chini karibu yake, akampangusa uso kwa ule mkia wake uliopukutika.

"Inauma, eh?"

"Inauma, mama."

"Mimi nimeizoea, lakini inauma," akasema Bi Mashavu. "Haya, inuka. Na mimi nina vyangu ng'ambo nilivyosahau. Twende tukatafute pamoja."

Kidawa akafungua mdomo. Ile ndiyo mama, ndiyo mama, ilikuwa imekwisha kufika kwenye ulimi. Akamtazama mama yake. Akaona yale mashavu. Akakumbuka kicheko cha juzi, akaona haya kuliko alivyowaonea wageni. Akaimeza.

"Twende, mama," akasema. "Nionyeshe."

Wakatoka. Wageni wakauliza tunakwenda wapi. Kidawa akasema karamu iko ng'ambo. Bi Kanga akasema ng'ambo kumeungua, lakini akafuata, maana hakutaka kusimuliwa. Penye kijito Bwana Ngiri akapiga magoti, Bi Mashavu akapanda mgongoni. Chubwi, chubwi, wakavuka. Na huko juu ya mgongo wa Ngiri, Bi Mashavu akaanza wimbo wake. Safari hii Kidawa akaitikia, na nyinyi itikieni:

Nimeweka, nimeweka.
Umeweka wapi, mama?
Ng'ambo kule nimeweka.
Tuonyeshe basi, mama.

Ngoma ikajibu, du du, du du. Wakapanda kilima kidogo. Wakafika juu. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

Chini yao palikuwa na msitu. Palikuwa na mikorosho imeinama kwa mabibo, mekundu na ya manjano. Palikuwa na mikungu, palikuwa na mizambarau imeifanya ardhi yote kuwa ya zambarau. Moto ulipita juu, sawa, uliunguza kila kilichosimama. Lakini vitu vya Bi Mashavu havikuwa juu. Vilikuwa chini ya udongo, pale alipoviweka, pale alipovisahau. Mvua zilikuja, moja baada ya nyingine, vikaota bila kumuuliza mtu.

Bi Mashavu akateremka mgongoni kwa Ngiri. Akaenda kwenye mti wa kwanza, akaushika. Na hapo, jamani, kumbukumbu ikafunguka.

"Hapa," akasema. "Huu niliuweka Ngwali akiota meno, alikuwa analia usiku kucha." Akaenda kwenye mwingine. Huo aliuweka siku alipogombana na marehemu mumewe, akatoka kuzunguka mpaka hasira zikaisha. Na huu, na huu, na ule. Akafika kwenye mkorosho mmoja mkubwa, mnene, wenye kivuli cha kutosha watu wote. Akaupiga kofi dogo kwenye shina, kama mtu anayemsalimu mtoto wake.

"Na huu nina mimba yako, Kidawa. Nilisema utazaliwa una njaa."

Kidawa alimkumbatia mama yake, akalia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Furaha ilimjaa mpaka haraka yote ikamtoka. Akamkalisha mama yake chini ya mkorosho ule, mbele, mahali pa kuonekana. Akamchumia bibo la kwanza, akamlisha kwa mkono wake. Bi Mashavu akala. Akala zambarau, ulimi ukawa mweusi. Akala kungu. Yale mashavu matupu yakajaa, huku na huku, watu wakayaona, ikajulikana kwa nini aliitwa Bi Mashavu.

Wote wakala. Bwana Ngiri alikula mpaka mkia ukalala. Bi Kanga alikosa la kusema, na jambo hilo lenyewe ni hadithi nyingine. Tumbili alitokea juu ya mti, bila mwaliko, na kwa kuwa chakula kilikuwa kingi kuliko wizi wake, akaambiwa atikise matawi. Mzee Kobe alisema kwamba huu mwaliko wa pili ni mtamu kuliko ule wa kwanza. Kisha watoto wakaja na maji katika vifuu, wakamwagia bibi yao, bwaa. Bi Mashavu akajikung'uta, akanyang'anya kifuu kimoja, akammwagia Kidawa, bwaa, na ngoma ikalia mpaka ngozi ikapata joto.

Jua lilipoinama, Bi Mashavu alichukua korosho moja, akajongea pembeni. Fuku fuku fuku. Akafukia. Kidawa alimwona, akachukua yake, akaenda kufukia ubavuni mwa mama yake, mbele ya macho yake, bila haya. Hakuweka alama yoyote.

Wakati wa kurudi nyumbani, Bi Mashavu akiwa tena juu ya mgongo wa Ngiri, shada shingoni, amelowa, ameshiba, aliinama akamshika Kidawa bega.

"Sherehe nzuri sana hii," akamnong'oneza. "Ilikuwa ya nani?"

Watoto wakamtazama mama yao. Ngwali akamtazama dada yake. Kidawa hakucheka. Alipunguza mwendo, akamrekebishia mama yake shada.

"Yako, mama. Leo umezaliwa."

"Kumbe," akasema Bi Mashavu, na uso wote ukang'aa upya, akafurahi kama ndiyo kwanza anaambiwa. Njiani aliuliza tena, na tena, na kila alipouliza Kidawa alimjibu, na kila alipojibiwa alifurahi upya. Hivyo Bi Mashavu, ambaye hakuwahi kusherehekewa, siku ile alisherehekewa njia nzima.

Basi fundisho langu ni hili, na ninalisema wazi ili mtu asijifanye hakusikia. Mzee akisahau, usimcheke, maana huenda unachokula leo kinatoka katika yale aliyoyasahau. Na akikwambia ana kitu chake mahali, usimjibu ndiyo ndiyo. Mshike mkono, nenda naye, mkaangalie.

Hadithi yangu imeishia hapa, hapa hapa nimeifukia. Nikisahau nilipoiweka, nyinyi mtanionyesha.