Wanyumba Wawili na Waya Mwekundu

Waya una fyuzi, wivu hauna. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani yake, nanyi mnauliza fyuzi na wivu vilikutana wapi. Vilikutana Singida mjini, ndani ya gari la mtu aliyeitwa Ntandu, na ilikuwa hivi.

Ntandu alikuwa mkwe wa kwanza wa Mzee Gwau. Alimwoa Damari, binti mkubwa, na kwa miaka tisa kila shughuli ya ukweni ilipita mikononi mwake. Mgonjwa akipelekwa hospitali, ni gari la Ntandu. Alizeti ikitoka shambani, ni gari la Ntandu. Kisha Mkhandi akamwoa binti wa pili, wakawa wanyumba, waume wa ndugu wawili. Mkhandi naye alikuwa na gari, tena hakuwa mtu wa maneno mengi. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kupendwa upesi.

Jumapili moja Mkhandi alifika ukweni na amplifaya ndogo ya kukuza sauti ya muziki, aliyofungiwa kwenye buti la gari. Watu wakatoka nje kusikiliza.

"Muziki wake umetulia," Damari alisema wakirudi nyumbani. "Hata maneno unayasikia."

Ntandu alikanyaga mafuta.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwa Zamda, fundi wa umeme wa magari. "Nifungie kama ya Mkhandi," alisema.

Zamda alikuwa mwanamke asiye na haraka. Alivuta waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri mpaka kwenye buti, na pale ulipopenya bati aliuvisha mpira usije ukakatwa. Waya mweusi aliukaza kwa skrubu kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Mwisho, shubiri moja tu kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi.

"Huyu ndiye mlinzi," alimwambia. "Umeme ukizidi kipimo, anakatika yeye, waya unapona. Akikatika usimlaumu. Nitafute mimi."

"Na sauti? Ni sawa na ya mwenzangu?"

"Ni ileile. Nimezifunga zote mbili kwa mkono huu."

Lakini masikioni mwa Ntandu haikuwa ileile. Kila alipokutana na Mkhandi njiani, aliona sauti ya mwenzake ni nene zaidi, na watu wanaigeukia zaidi.

Ikafika arusi ya Elipendo, binti wa mwisho. Katika kikao cha familia Mzee Gwau akapanga safari ya kutoka kanisani. "Gari la Mkhandi litangulie na muziki. Wewe Ntandu, mwanangu, utawabeba mashangazi."

"Sawa, baba," Ntandu alijibu. Mzee alimpa mashangazi kwa sababu alimwamini. Ntandu alisikia neno moja tu, litangulie, nalo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miaka tisa, kisha aliyekuja juzi ndiye atangulie!

Akanunua spika nyingine mbili na kuziunga mwenyewe. Alipofungua sauti, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Alijua kwamba akienda kwa Zamda ataambiwa aziondoe. Basi akaing'oa fyuzi, akasokota ncha mbili za waya pamoja na kuzizungushia utepe. Muziki ukanguruma. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, Ntandu alitabasamu.

Siku ya arusi, jua la saa saba, msafara ulitoka kanisani. Ntandu aliyapita magari ya wenzake mpaka akawa nyuma tu ya Mkhandi, akafungua sauti yote.

"Punguza, Baba Eliya," Damari alimwambia. "Shangazi anaumwa kichwa."

"Waache wasikie."

"Kuna harufu ya plastiki inaungua."

"Ni gari la mbele hilo."

Moshi ukatoka chini ya dashibodi, mbele ya magoti ya Damari. Muziki ukazima. Ntandu alisimamisha gari, akamtoa mkewe, akafungua mlango wa nyuma. Shangazi mmoja alishuka. Wa pili, Bibi Yunisi, mguu wake ulikuwa mbovu, na Ntandu alimbeba mikononi huku ndimi za moto zikitambaa kwenye zulia la gari. Mkhandi alikuwa ameuona moshi kwenye kioo chake. Alikuja mbio na spana, akafungua boneti, akalegeza nati na kuung'oa waya kwenye betri kwa mkono mtupu. Wengine wakamwaga mchanga mpaka moto ukafa.

Zamda alikuwa miongoni mwa waalikwa. Aliinama kwenye boneti, akaufuata waya kwa macho.

"Fyuzi niliyoiweka iko wapi?"

Ntandu angeweza kusema imedondoka. Lakini alikuwa anautazama mkono wa Mkhandi, ambao Damari alikuwa akiumwagia maji. Kiganja kilikuwa kimechunika.

"Niliitoa mimi, fundi. Nilitaka kumzidi huyu."

Mkhandi alimtazama kama mtu asiyeelewa. "Kunizidi nini, mwanyumba? Mimi nyumbani kwangu kila siku naambiwa nijifunze kwako."

Bibi Yunisi, ambaye bado alikuwa anahema, akiwa ameketi kando ya barabara, ndiye aliyesema, "Kumbe waya una fyuzi, wivu hauna."

Ntandu alifika arusini ndani ya gari la Mkhandi, yeye ndiye akiendesha, kwa kuwa mwenye gari hakuweza kushika usukani.

Basi, wanangu, waya ukizidiwa kuna kitu kinakatika, nyumba na gari vikapona. Moyo ukizidiwa na wivu hakuna kinachokatika humo. Mwenyewe asipojizuia, unaungua mpaka uwafikie waliokaa karibu naye. Ndiyo maana shangazi yenu alisema vile: waya una fyuzi, wivu hauna.