Ngiri Aliyemfukuza Mnana

“Nianze?”
“Anza!”
“Nikidanganya?”
“Danganya vizuri!”

Basi. Bi Digidigi alikuwa anaonja chumvi ya mchicha, mumewe kashika kifuniko. Mara, ta! Donge la udongo sufuriani.

“Ngiri kaongeza chumba tena,” akasema mke.

Ngiri aliomba kuegemeza kibanda kimoja tu kwenye ukuta wao. Kimoja kikazaa cha pili, cha pili kikazaa cha tatu. Siku hiyo ukuta ukainama, ukamlalia Bi Digidigi mguu. Hakuweza kutoka.

“Bwana Ngiri, chumba kimoja zaidi na mke wangu amekufa!”

“Hameni!”

Wahamie wapi, na mguu uko chini ya ukuta?

Digidigi akawaza, jasho likimtoka. Nyumba zote mbili zilikuwa na mafundi walewale wawili. Nyigu huziba nyufa: zzz-paka, zzz-paka. Ufa usipozibwa, hukata fito. Ndipo huja ndege Mnana, msusi wa viota, kuzifunga: funga-kaza, funga-kaza. Lakini Mnana husema, “Simama kwanza kujenga, nifunge.” Ngiri hakutaka kusimama. Alimfukuza. Kabaki na Nyigu tu.

Digidigi akamwita Nyigu. “Fundi, umechoka. Onja pombe ya asali.”

“Nionje tena?”

“Onja tena, fundi wangu.”

Nyigu akalala fofofo.

Nyufa zikaja. Ta! kwa Ngiri. Ta! kwa Digidigi pia.

“Mume wangu, unatuangusha na sisi?”

“Vumilia, mama.”

Fito zao zikakatika. Mnana akaja mbio: funga-kaza, funga-kaza, hadi pumzi ikamwishia. Ukuta ukatetemeka, ukamwaga udongo, ukasimama.

Kwa Ngiri, ka! ka! ka!

“Fundi Nyigu!” Fundi anakoroma.

Unadhani Ngiri alisimama? Akaongeza chumba! Fito zikakatika zote, na nyumba nzima, puu!

“Mnana!” akalia chini ya kifusi. “Rudi, mama! Safari hii nitasimama!”

Ukuta wa kina Digidigi, umetuliwa mzigo, ukarudi nyuma. Bi Digidigi akachomoa mguu, akauliza, “Mchicha wangu umeungua?”

Imefika mwisho, anayetaka ndefu aongeze mkia. Na funzo lake: fundi akikwambia usimame, mfukuze. Utajenga haraka.

“Na saratani, inayoongezeka mwilini bila kusimama kama Ngiri, nayo hivyo?” akauliza msikilizaji.

Nyingine hivyo. Uvimbe uliopoteza fundi mmoja wa kurekebisha vinasaba vyake, dawa humzuia wa pili, nao huporomoka. Chembe zenye afya huyumba, lakini zina fundi wa akiba.

“Basi Digidigi akalala raha mustarehe!”

Mnana akimrudia Ngiri, ujanja ule haufanyi kazi tena. Digidigi alilijua hilo. Kesho yake asubuhi, mkewe bado usingizini, alikwenda kwenye kifusi, akalaza sikio juu ya udongo, akasikiliza kama kuna anayefunga fito.