Miche Iliyomwinamia Sultani

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko kazi zao, mji wa Gongweni ulitawaliwa na Sultani Shakombo, mtu mnene, mpole anapolala, ambaye hakupenda kitu duniani kama kuinamiwa. Watu walimwinamia, na hilo lilimtosha kwa muda. Kisha akataka na punda wamwinamie, basi ikawa kila apitapo punda humwagiwa majani chini. Mbuzi wa jumba lake walifungwa kamba shingoni, na alikuwapo mtumishi ambaye kazi yake ilikuwa kuzivuta.

Gongweni ulikuwa mji wa mawe, nyumba zimebanana hata majirani wakiazimana chumvi dirisha kwa dirisha, wala hapakuwa na shamba ndani ya kuta. Watu walipanda chakula chao popote penye nafasi: mchicha katika mitungi iliyovunjika, pilipili katika vifuu vya nazi, bamia katika makapu makuukuu juu ya mapaa. Asiye na dirisha lenye jua alihesabiwa maskini kuliko asiye na kitanda.

Siku moja Sultani alikuwa akipita mtaani, akauona mchicha umesimama wima dirishani pa mtu.

"Yule ni nani?" akauliza.

"Ni mchicha, Maulana," akajibu Waziri Badi.

"Mbona hauinami?"

Waziri hakuwa na jibu, na katika Gongweni waziri asiye na jibu hakukawia kuwa asiye na kilemba. Basi akasema, "Ni kiburi, Maulana."

Jioni ile ile mbiu ikapigwa, ya kwamba Ijumaa Sultani atapita mitaa yote, na kila mche usioinama utang'olewa, na mwenyewe hatapanda tena maisha yake. Mji ukaingiwa na hofu, maana ilikuwa amri ya kuwanyima watu mboga. Mwalimu wa chuoni akaisomea pilipili yake mlango mzima wa adabu. Bi Mwanamize akaichapa bamia kwa kandambili. Mtu mmoja akaufunga mbilingani wake jiwe shingoni, ukavunjika. Akamwendea Waziri kuuliza kama hiyo ni kuinama, naye Waziri, baada ya kufikiri sana, akasema hapana, huko ni kuzirai.

Katika mji huo alikuwapo mtu fukara aitwaye Mbwarali, msuka kamba, ambaye wengi walimwona punguani. Tangu kufiwa na mkewe Mwanaidi alikuwa akimimina vikombe viwili vya kahawa kila asubuhi. Alikunywa chake, akakitazama cha mkewe mpaka kikapoa, akaomba radhi, akakinywa nacho. Zaidi ya hapo hakuwa na wazimu wowote.

Mwanaidi alikuwa ndiye mwenye mkono wa kupanda. Alipofariki, Mbwarali alikuta fundo katika pindo la kanga yake, na ndani ya fundo mbegu ndogo, bapa, zenye majivu ya kuzuia wadudu. Hakujua ni mbegu za nini, na wa kumwuliza hakuwapo. Akatoboa chungu kikuukuu, akakitia udongo na samadi, akazipanda zote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mtu huweka akiba. Zikaota. Kila asubuhi alikigeuza chungu kidogo, kama alivyomwona mkewe akifanya, kwani miche ya dirishani isipogeuzwa hupinda shingo kwa kufuata mwanga. Hakuwa na kingine alichokiacha Mwanaidi kikiendelea kukua.

Aliposikia mbiu hakuichapa miche wala hakuisomea. Aliacha tu kukigeuza chungu.

Ijumaa ikafika. Sultani akapita na msafara wake, na nyuma yake mtumishi mwenye kapu la kung'olea. Mchicha ulisimama wima, pilipili ikasimama wima, bamia ya Bi Mwanamize ikasimama wima zaidi ya zote. Lakini kabla mtumishi hajainyoshea mkono bamia, msafara ukafika dirishani pa Mbwarali, na pale miche ilikuwa imeinama kuelekea njiani, shingo zimepinda, majani yote yakimwelekea Sultani. Sultani akasimama. Akarudi nyuma, akapita tena. Miche ikaendelea kuinama.

"Umeifundishaje?" akauliza.

"Sikuifundisha, Maulana," akasema Mbwarali. "Niliacha tu kuisumbua."

Jibu hilo likampendeza Sultani kupita kiasi. Akaamuru mboga zote zising'olewe kwanza, bali chungu kile kipelekwe barazani kwake, miche imwinamie mbele ya watu wote, na mboga nyingine za mji zije kujifunza kwayo. Ikiinama, Mbwarali ataomba atakacho. Ikikataa, mbuzi watapewa waile, na mboga zote za mji zitaifuata humo humo tumboni.

Bi Mwanamize, jirani yake na shoga wa marehemu mkewe, akamshika Mbwarali mkono akamwambia, kwa sauti ya chini, "Shemeji, ukifanya mchezo wako, tutakula mawe."

"Mimi sichezi, shemeji," akasema Mbwarali. "Nakifuata chungu changu."

Baraza ya Sultani ilikuwa ndefu na yenye kiza, ina dirisha moja kubwa upande mmoja, na mlango wa jikoni upande wa pili, ambao siku zote ulifungwa ili harufu ya vitunguu isimfikie Sultani. Kiti cha enzi kilikuwa pembeni kabisa. Mbwarali alipotazama akajua kwamba miche ikiwekwa pale, italiinamia dirisha, na mbuzi watashiba. Basi akainama yeye, akasema, "Maulana, miche hii ni ya mtaani. Imezoea kukuona dirishani, wala haijui mahali pengine. Ukipenda, kaa dirishani."

Sultani akaona neno hilo ni la haki. Kiti kikahamishwa. Sultani akakaa na joho lake, na kilemba chake, na mito yake, akaliziba dirisha lote kama kizibo cha chupa. Chungu kikawekwa mbele yake, shingo za miche zikimwelekea kama zilivyopinda nyumbani, na watu wakapiga vigelegele.

Furaha ikamzidi, akakataa kuondoka. Alikula pale, akaamua kesi pale, akalala pale akikoroma. Kiza kikawa kikubwa barazani hata Waziri Badi akaikanyaga miguu ya kadhi, kadhi akaiamkia nguzo kwa heshima zote. Kwa kuwa watu hawakuonana, ilibidi mlango wa jikoni ufunguliwe. Humo jikoni, penye ua na jua tele, alikuwa ameketi mpishi, Bi Tausi, akikuna nazi.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Sultani alipoamka aliona migongo. Miche yote ilikuwa imegeuka. Shingo zake zilielekea jikoni, na majani yamemnyoshea Bi Tausi.

Kutoka jikoni ukasikika mkwaruzo wa mbuzi ya nazi. Bi Tausi akainua kichwa, akaona Sultani, Waziri na miche wote wakimtazama, akasema, "Mimi sikuiita." Akaendelea kukuna.

"Ni uasi, Maulana," akasema Waziri Badi. "Imemtawaza mpishi."

Sultani akamgeukia Mbwarali, na uso wake haukuwa mwema. "Jana ilinipenda. Leo imenipa kisogo. Nieleze, kabla sijamwita mwenye mbuzi."

Mbwarali alikuwa akiitazama miche na si Sultani. Mashina yake yalikuwa yamerefuka na kupauka, na aliona kwamba siku nyingine moja ya kiza itaimaliza.

"Maulana," akasema, "haikukupenda jana, wala haikuchukii leo. Inatafuta mwanga. Ulipopita kwangu, mwanga ulikuwa upande wa njia, nawe ulikuwa njiani. Sasa mwanga uko nyuma yako, nawe umeukalia." Akaonyesha dirisha kwa kidole. "Jongea, Maulana."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Sultani Shakombo ajongee. Walinzi walitazamana, wakingoja wapewe amri, na amri haikuja. Sultani akafikiri, akatazama nyuma yake, akaona jua la mchana limekwama mgongoni mwake. Akainuka kwa shida, akajongea. Jua likaingia mpaka kwenye chungu. Mlango wa jikoni ukafungwa, na watu wote, kadhi na walinzi na Waziri, wakaketi sakafuni kuitazama miche mpaka alasiri. Basi polepole shingo zikaanza kurudi, zikaliinamia dirisha, na dirishani hapakuwa na mtu.

"Kwa hiyo mimi," akasema Sultani, "haikuniinamia hata mara moja."

"Hata mara moja, Maulana."

"Na wale mbuzi?"

"Wanavutwa kamba, Maulana."

Sultani akamtazama Waziri Badi, naye Waziri akashika kilemba chake kwa mikono miwili. Hapo Sultani akaanza kucheka. Alicheka mpaka mito ikaanguka, akamwambia Mbwarali aombe atakacho, hata nyumba ya Waziri.

Mbwarali akaomba chungu chake, na watu waachiwe mboga zao. Sultani akampa vyote viwili, akamzidishia kipande cha ardhi chini ya ukuta wa jumba, ukubwa wa mkeka, palipokuwa na jua tangu asubuhi. Akatoa na amri mpya, kwamba yeyote atakayekutwa kati ya mche na jua atajongea, naye Sultani mwenyewe hakujitoa. Bi Mwanamize alimjongesha mara nyingi, bila hata kumwamkia.

Miche ikahamishiwa pale chini ya ukuta, ikatoa maua, ikazaa. Mbwarali akachuma tunda la kwanza, akaliuma, akalijua. Lilikuwa nyanya chungu, kitu ambacho alikuwa amemwambia Mwanaidi, tangu siku ya harusi, kwamba hawezi kukitia kinywani. Na hiyo ndiyo ladha ya kila mchuzi ambao mkewe alimpikia miaka yote, akimwambia ni bilingani changa.

Akalila lote. Akachuma jingine, akaliweka upande wa pili wa sinia, akalitazama kwa muda, akaomba radhi, akalila nalo. Mbegu akazianika, akazitia majivu, akazifunga katika pindo la kanga.

Hekaya yangu imekomea hapo. Aliyekaa dirishani na ajongee kidogo.